Mishale Mitatu ya Injinia

Jumanne, baada ya kipindi cha tatu, mfagizi wa shule alikuwa anafuta ubao wa chumba cha fizikia. Alianza na tarehe, akaja kwenye maneno, mchoro akauacha mwisho kama alivyozoea. Siku hiyo mwalimu alikuwa amechora mfuko wa saruji unaoning'inia kwa kamba mbili, na pembeni yake mishale mitatu iliyofuatana kichwa kwa mkia hadi ikawa pembetatu. Sentimita moja kwa nyutoni mia moja. Mfagizi aliishia darasa la saba, lakini huu ulikuwa mwaka wa sita anafuta ubao ule, na hakuwa mtu wa kufuta kitu kabla hajakisoma. Alijua kwamba pembetatu ikifunga, mzigo umetulia. Isipofunga, mzigo una safari.

Wanafunzi walimwita Dasta, kwa ajili ya kile kifutio alichoshinda nacho mkononi. Msichana mmoja akachungulia mlangoni.

"Dada Dasta, kaka yako ananing'inia kule kwenye ghorofa."

"Si ndiyo kazi yake."

"Ananing'inia bila kamba."

Dasta akamaliza kufuta, akakung'uta dasta dirishani, akarudisha vipande vya chaki kwenye kopo, ndipo akatoka.

Ghorofa lilikuwa ng'ambo ya barabara na lilikuwa limefika hatua ya rangi. Mafundi rangi walikalia ubao wa mita tatu na nusu. Kila ncha ya ubao ilifungwa kamba, kamba mbili zikakutana juu kwenye pete ya chuma, na pete ikashikwa na waya ulioshuka kutoka paani. Saa tatu na nusu asubuhi hiyo kamba zote mbili zilikatika. Ubao ulianguka. Makopo mawili ya rangi yalianguka yakaipaka lami weupe, upana wa chumba kizima. Brashi ilianguka. Kaka mtu hakuanguka. Alikuwa amekaa pale pale, usawa wa ghorofa ya nne, magoti yamekunjwa, amekalia hewa, na vidole vya mkono wa kulia bado vimekunjwa kushika brashi isiyokuwepo.

Dasta alipanda ngazi za zege hadi ghorofa ya nne. Madirisha yalikuwa bado matundu. Alisimama kwenye tundu lililokuwa karibu naye, mkono mmoja tu kati yao.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeshakunywa chai?"

"Bado. Umeumia?"

"Sijaumia. Nimekaa tu."

Alikuwa na sauti ya mtu anayesubiri zamu hospitalini. Dasta alitazama juu. Pete ilikuwa inayumba peke yake kwenye waya, na vipande viwili vya kamba vilivyobaki vilikuwa vifupi kama mikia ya mbuzi.

Habari ya zile kamba aliijua. Wiki mbili nyuma, msimamizi wa kazi alikuwa ametaka ubao wa pili ili mafundi wawili wapande kwa pamoja. Kamba ilikuwepo moja, ya mita nane. Msimamizi akaikata katikati kwa msumeno. Mafundo nayo yakala kipande chake. Jioni ile kaka alirudi nyumbani analalamika kwamba sasa akikaa, pete inamgusa sikio, na kamba hazisimami tena, zimelala. Mke wake akacheka, akamwambia labda ni yeye aliyerefuka. Dasta hakucheka. Alimwomba aonyeshe kwa mikono jinsi zilivyolala, akapima kwa kipimapembe alichookota darasani, akapata digrii ishirini. Akageuza kalenda ya zamani, akachora nyuma yake. Kaka, ubao na kopo pamoja, kilo mia moja: mshale wa sentimita kumi kwenda chini. Kamba zikisimama vizuri, kila mshale wake ungekuwa sentimita sita kasoro. Kwa kamba zilizolala, kila mshale ulitoka sentimita kumi na nne na nusu na ushee. Kamba ile ilipokuwa mpya dukani lebo yake ilisema mwisho wake ni nyutoni elfu moja na mia tano, yaani sentimita kumi na tano, na ilikuwa na miaka mitatu juani.

"Jinsi inavyolala ndivyo inavyovutwa zaidi," alimwambia kaka yake. "Mzigo ni ule ule, lakini kamba inaumia mara mbili na nusu. Ongeza kopo moja uone."

Kaka aliukunja mchoro, akampelekea msimamizi kesho yake. Msimamizi aliushika juu chini, akauliza ni ramani ya wapi. Alipoambiwa, alicheka hadi akashika nguzo. "Kumbe dada yako ni injinia wa mafagio," alisema. Jumanne ile alimwongezea kaka kopo la pili ili asipoteze muda wa kushuka.

Sasa msimamizi alikuwa kwenye kibanda chake cha mabati chini ya ghorofa, anaongea na injinia wa jengo kwa simu. Dasta alisimama mlangoni. Msimamizi alisema ndiyo injinia, ndiyo injinia, akakata simu, akageukia karatasi iliyobandikwa ukutani kwa misumari minne.

"Injinia anasema hakuna tatizo," alimwambia. "Mchoro wa usalama upo. Una sahihi na muhuri."

Dasta aliusogelea. Ilikuwa karatasi ya zamani, imechakaa mahali pa jina la jengo. Injinia alikuwa na mchoro mmoja kwa majengo yote. Jengo likiisha alifuta jina kwa raba, akaandika la jengo linalofuata, kwa hiyo kila kitu kilikuwa cha penseli isipokuwa sahihi na muhuri. Ubao ulichorwa, na juu yake kamba mbili zilizosimama kwa digrii sitini. Pembeni ilikuwepo pembetatu. Mistari ilitetemeka kidogo, lakini ilifunga.

"Imefunga," Dasta alisema.

"Ndiyo maana hajaanguka," alisema msimamizi. "Ingekuwa kazi ya kulipua, isiyo na mchoro, angeshakuwa chini saa hizi."

Mchana wanaume watatu walipanda kumvuta kaka aingie ndani. Wa kwanza alimshika mkanda, wa pili akamshika wa kwanza kiunoni, wa tatu akaweka mguu ukutani. Walivuta mpaka mkanda ukakatika. Kaka hakusogea hata upana wa kidole. Walijaribu kumsukuma kwa boriti, boriti ikapasuka. Dasta alikuwa anawatazama na akaelewa kabla yao. Mchoro ulikuwa na mishale mitatu tu, mmoja wa uzito na miwili ya kamba. Mshale wa mtu anayevuta haukuwemo.

Basi kaka akakaa. Mke wake alikuja kila siku na chakula kwenye bakuli, akamlisha kupitia tundu la dirisha. Wiki ya kwanza alikuja na mwavuli, akaufunga begani kwa kaka kwa kitambaa. Wiki ya pili alimletea kitana na kioo. Walizungumza mambo ya nyumbani, mlango unaokwaruza, mtoto aliyeota jino. Mafundi vioo walipofika, waliweka vioo kote, lakini kwenye dirisha lile waliacha kipande kimoja kinachofunguka, na wifi mtu akawashukuru sana.

Kampuni nayo haikuwa na neno. Ilitundika bango kwenye miguu ya kaka, kwa kuwa palikuwa mahali panapoonekana vizuri kutoka barabarani. Lilisomeka SIKU MIA MBILI BILA AJALI, na kila Jumatatu msimamizi alibadilisha namba kwa upondo mrefu kutoka dirishani.

Dasta alinunua karatasi nyeupe. Alichora upya kwa rula, polepole, mchoro wa kamba kama zilivyokuwa siku ile, akaandika chini digrii ishirini, akaandika na umri wa kamba. Kisha alichora wa pili, ambao mishale ya kwenda juu ilipungua upana wa unywele tu, ili mtu ashuke taratibu. Alimvizia injinia alipokuja kukagua lifti.

Injinia alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisimama akausoma mchoro wa kwanza hadi mwisho.

"Huu ni sahihi," alisema.

"Naomba uutie sahihi."

"Binti, nikiutia sahihi kaka yako ataanguka ghorofa nne. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Basi utie huu wa pili. Huu atashuka pole pole."

Injinia aliuangalia wa pili kwa karibu, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Huu haufungi."

"Haufungi kidogo tu."

"Mchoro usiofunga maana yake tulikuwa hatujajipanga. Nitasema nini nikiulizwa?" Alimrudishia karatasi zote mbili, akazinyoosha kona kwanza. "Umesoma hadi wapi?"

"La saba."

"Una akili," alisema injinia. "Ungeendelea." Kisha lifti ikafika, akaingia.

Dasta akaenda kwa mwalimu wa fizikia. Mwalimu alitoa kipimapembe chake, akapima kila pembe, akapima kila mshale, akachukua kalamu nyekundu akaandika kumi juu ya kumi, na chini yake Vizuri sana. Dasta alimwomba aandike na barua ya kusema hivyo hivyo. Mwalimu akafunga kalamu.

"Injinia yuko kwenye bodi ya shule, dada yangu. Unataka nikafundishie wapi? Mimi nimekupa alama, na alama hizo sijawahi kumpa mtu."

Wiki iliyofuata aliwapeleka wanafunzi dirishani na kuwaambia wachore nguvu zinazofanya kazi kwa mtu yule. Wote walichora mishale mitatu, kama ilivyokuwa kwenye mchoro rasmi. Yule msichana aliyemwita Dasta siku ya kwanza alichora mshale mmoja tu, wa uzito, kwa sababu ndio pekee aliouona. Alipewa sifuri. Alilia, na mwalimu akamweleza kwa upole kwamba kama angekuwa sahihi, mtu yule asingekuwa pale.

Siku ya thelathini na tano Dasta alikuwa na ajira mbili. Asubuhi alifagia shule, na mchana, saa ya mapumziko, alifagia kibanda cha msimamizi, kazi aliyoiomba mwenyewe. Msimamizi alikubali kwa sababu vumbi lilimkera, na kwa sababu mtu mwenye fagio haonekani. Ni hapo alipomsikia akisema kwenye simu.

"Ndiyo injinia. Ijumaa rangi itakuwa imekwisha. Uje tu uchukue mchoro wako kwa zile ghorofa mpya. Jina utafutia hapa hapa au kwako? Haya. Hapana, huyo bado yupo. Ijumaa jengo litakuwa limekabidhiwa, injinia. Atakuwa mtu tu kaanguka, si fundi wetu."

Dasta aliendelea kufagia. Alifagia chini ya meza, akafagia chini ya kiti, akainua miguu ya msimamizi kwa fagio kama ilivyo kawaida. Jioni alimwambia wifi yake.

"Ijumaa anafuta jina."

"Akifuta?"

"Mchoro utakuwa wa jengo lingine. Hapa hakutakuwa na kinachomshika."

Wifi aliendelea kukunja nguo za mtoto.

"Wewe kazi yako si kufuta? Basi futa kabla yake."

"Nimeogopa siku zote hizi, wifi. Karatasi ni ya mtu."

"Na mume ni wa nani?"

Alhamisi saa saba mchana, mafundi walipokuwa wamekaa kivulini wanakula na msimamizi amekwenda kunawa, Dasta aliingia kibandani na penseli mbili zilizochongwa, rula, na raba mpya. Wifi alisimama nje ya mlango, macho juu. Walikuwa wamekubaliana. Dasta alijua kwamba akipunguza mishale, kaka ataanza kushuka, na kadiri anavyoiacha mifupi ndivyo atakavyokwenda kasi. Akiirudisha sawa, ataendelea kushuka kwa mwendo ule ule aliokwisha kuupata, bila kuongeza. Mwalimu alikuwa amelisema hilo mara nyingi na kila mwaka darasa lilikataa kuliamini. Na jambo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi: ardhi haikuwemo kwenye mchoro. Akifika chini asiposimamishwa, atapita.

Alifuta ncha za mishale miwili ya kamba, upana wa unywele kila mmoja.

"Anakuja," alisema wifi.

Dasta akahesabu hadi kumi, akarudishia ncha. Alichora kwa rula, na kwa kuwa mistari ya injinia ilitetemeka na ncha mpya hazikukaa sawa juu yake, alipitisha penseli yake juu ya mistari yote miwili hadi ikanyooka.

"Ya tatu," alisema wifi. "Anakwenda vizuri. Ananipungia." Kisha, "Ya pili. Bango linamtangulia." Kisha, "Ya kwanza, wifi. Ya kwanza hiyo."

Dasta alirefusha mishale upana wa unywele, akahesabu hadi kumi, akafuta ziada.

"Amesimama. Soli zimegusa."

Ndipo akafuta jina la jengo. Nje, uzito wa kaka ukamrudia wote kwa mkupuo. Magoti yalimkunjika, akakaa chini juu ya bango.

Mafundi waliokuwa wanakula walisogea kumpa nafasi. "Karibu chakula," mmoja alimwambia. Mwingine alimuuliza kama huko juu kuna mbu. Kaka alisema hakuna, ila kunguru. Mkewe alikuwa ameshika nyuma ya shati lake na hakuliachia hadi walipofika nyumbani.

Msimamizi aliporudi kutoka kunawa, alimkuta kaka amesimama kwenye lami, anajizoesha miguu.

"Umeshashuka?"

"Nimeshashuka."

"Vizuri. Siku thelathini na nane hizo ndiyo likizo yako ya mwaka, na imeisha. Jumatatu uje."

Kaka alisema hiyo haikuwa likizo. Msimamizi alimuuliza alikuwa na brashi mkononi au hakuwa nayo. Kaka akasema brashi ilianguka. "Basi," alisema msimamizi.

Ijumaa injinia alikuja kuchukua mchoro wake. Saa nne alimtuma mtu shuleni amwite Dasta. Dasta alivua aproni, akaiweka juu ya ndoo, akawaaga wafagizi wenzake kama mtu asiyerudi.

Injinia alikuwa amekaa kwenye kiti cha msimamizi, karatasi iko mbele yake mezani.

"Hii umeishika wewe."

"Ndiyo."

"Umefanya nini?"

"Nimemshusha kaka yangu. Halafu nikarudishia ilivyokuwa."

"Haikuwa hivi." Injinia aliweka rula juu ya mistari, akapima mmoja, akapima wa pili, akavua miwani. "Nimechora miaka ishirini na saba na sijawahi kupata mstari kama huu. Hautetemeki hata kidogo."

Dasta alitoa kwenye mfuko wa gauni ule mchoro wa kamba fupi, wenye kumi juu ya kumi ya kalamu nyekundu, akauweka mezani. "Wa kweli ni huu," alisema.

"Nilishakwambia kwamba ni sahihi. Sina kazi nao." Aliusogeza pembeni kwa kidole kimoja. "Ghorofa mpya ni mbili. Mafundi kumi na wanne. Karatasi moja haitoshi, kila mmoja anataka yake. Digrii sitini, zote zifunge. Wanapanda Jumatatu."

"Kamba zimeshanunuliwa?"

"Kamba za nini?" Hakuuliza kwa kejeli. "Kaka yako kakaa siku thelathini na nane. Kamba ilimsaidia nini?"

Dasta alitazama muhuri uliokuwa juu ya meza, kisha akatazama mlangoni. Kwa mbali alisikia kengele ya shule.

"Na mimi nikikataa?"

"Sitakulazimisha. Nitachora mwenyewe."

Injinia alichukua penseli ili amwonyeshe. Mkono ulikuwa mbaya kuliko Dasta alivyodhani. Ncha ya penseli iliruka kwenye karatasi, ikaacha vidoti, na mstari ulipofika mwisho ulikuwa umepita mahali pake kwa nusu sentimita. Wote wawili waliutazama mstari ule.

"Daktari kanipa vidonge," alisema injinia. "Havisaidii. Nipe jibu, binti. Nikianza sasa nitamaliza Jumapili."

"Nani wamo kwenye hao kumi na wanne?" Dasta aliuliza.

Injinia alimpa orodha. Jina la tatu lilikuwa la kaka yake.

Dasta aliomba meza isiyoyumba. Walimpa mlango wa zamani juu ya matofali manne. Alianza Ijumaa ile ile, akamaliza Jumapili jioni, na Jumatatu saa mbili asubuhi mafundi kumi na wanne walitoka kwenye madirisha ya ghorofa mpya, wakakaa hewani kila mmoja na kopo lake, wakaanza kupaka. Kamba zilizokuwa stoo ziligawiwa kufungia mizigo. Watu wanaopita chini husifu jinsi rangi siku hizi inavyotoka safi, bila alama za kamba kwenye ukuta.

Shule ilipata mfagizi mwingine. Dasta huchora kila siku, kwa kuwa ghorofa haziishi. Akiwa na homa huchora na homa yake. Pembetatu zake zote zimefunga, na chini ya kila karatasi, palipoandikwa Mchoraji, injinia huweka sahihi yake.